Umeme Tunao, Foleni Tusijitengenezee



Nalufenya ni jirani wa bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954. Nayo mabasi ya umeme ya Kayoola EVS yaliundwa Nakasongola, katika kiwanda cha jeshi. Waundaji wanasema betri ikijaa, basi huenda kilomita 300. Kampala hadi Mbale kupitia Jinja ni zaidi ya kilomita 200: kwenda litafika, kurudi halitafika bila kuchajiwa. Na kuchaji si kama kujaza petroli. Gari lililotangulia laweza kulikalisha la pili saa nzima au zaidi.

Foleni twaijua. Januari 2022 madereva wa malori waligoma Malaba na Busia, petroli ikaadimika nchini. Lakini umeme wa Nalubaale hausubiri lori mpakani. Foleni yake ikitokea, tutakuwa tumejitengenezea wenyewe.

Kamanda hatangulizi kikosi bila kupanga akiba. Basi Jinja, Iganga na Mbale ziwe na vituo vya kutosha kabla magari hayajawa mengi. Na kituoni, gari la wagonjwa na la doria yapewe nafasi ya kwanza.