Kabla ya Kuvuka Mpaka



Sisi wa Gatete tunajua kukimbia. Mwaka 1972 wazee wetu walikimbilia Tanzania na Kongo, na watoto waliobaki yatima wakalelewa na yeyote mwenye chakula. Nani aliuliza karatasi?

Basi mpendwa mmoja alipofariki kambini Nyarugusu, mimi na mama watoto tulisafiri kumchukua binti yake. Tulibeba nguo zake na maombi tu. Tukarudi mikono mitupu. Nikakemea shetani njia nzima! Lakini swali la mama mmoja wa ofisini lilinifuata hadi nyumbani: "Nitajuaje kwamba wewe si mwizi wa watoto?"

Ndugu msomaji, wewe ungejibu nini? Mwaka 2013 Kongo ilizuia watoto walioasiliwa na wageni kutoka nchini. Hata wazazi wa Ulaya na Marekani wenye hukumu ya mahakama mkononi waliambiwa wangoje. Upendo hausomeki usoni.

Kwa hiyo tafuta kwanza shangazi na wajomba wa mtoto, halafu ustawi wa jamii, halafu mahakama. Musa alilelewa na binti Farao, lakini aliwajua ndugu zake.

Sisi sasa tunafuata njia hiyo. Zile nguo zimeshakuwa fupi kwake. Tutanunua nyingine. Tuombeeni.