Dalali Nje ya Kambi: Sheria, Ajira na Ulinzi wa Mkimbizi



Mwezi Mei 2015 kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kilifurika Warundi waliokimbia machafuko nchini mwao. Milima imekizunguka kijiji hicho, hivyo ilibidi meli kongwe ya MV Liemba iwachukue watu hao na kuwapeleka Kigoma mjini. Tukitaja usafirishaji haramu wa binadamu, fikra zetu hukimbilia ufukwe kama ule: vurumai, watoto waliopotezana na wazazi wao. Hatari ipo pale, sikatai. Ila naona iliyo kubwa zaidi huja baadaye, mkimbizi akishaandikishwa na kupewa hema.

Ili tendo liitwe usafirishaji haramu wa binadamu, Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000 inataka mambo matatu yathibitishwe: kumchukua au kumsafirisha mtu; kutumia nguvu, ulaghai au unyonge wake; na nia ya kumnyonya. Kwa aliye chini ya miaka 18, hilo la pili halihitaji kuthibitishwa. Tanzania ilitunga sheria yake ya kupambana na uhalifu huu mwaka 2008. Lakini huo unyonge unatoka wapi? Sehemu yake tumeitengeneza wenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae eneo alilopangiwa, na kutoka bila kibali ni kosa. Huku nyuma, mgao wa chakula katika kambi za Nyarugusu na Nduta umepunguzwa mara kadhaa kwa uhaba wa fedha za wahisani.

Hapo ndipo dalali anapoingia. Ana kazi ya shamba, au ya ndani huko mjini, na nauli atalipa yeye, mtakatana baadaye. Msimu ukiisha, tajiri anakataa kulipa. Aliyedhulumiwa aende polisi akaseme nini? Neno lake la kwanza, kwamba ametoka kambini, linamtia hatiani. Tajiri alilijua hilo tangu siku anamchukua.

Kwingine sheria imemlinda mkimbizi kwa njia tofauti. Vita vya Ukraine vilipopamba moto Februari 2022, wengi waliovuka mpaka walikuwa wanawake na watoto, na watu wasiojulikana waliwangoja na magari upande wa Poland. Machi 4, Umoja wa Ulaya ukaanza kutumia, kwa mara ya kwanza, agizo lake la mwaka 2001 la ulinzi wa muda: ukaazi, ajira halali, shule, matibabu. Walaghai hawakutoweka, ila mama aliyetapeliwa aliweza kushtaki bila kuhofia kufukuzwa. (Ulaya hiyohiyo inawafadhili walinzi wa pwani wa Libya, wanaowarudisha watu kwenye vizuizi vya mateso. Tusiisifu kupita kiasi.) Jirani zetu Uganda, kwa sheria ya mwaka 2006, wanamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea.

Serikali yetu, ikiombwa kuwaruhusu wakimbizi kufanya kazi nje ya kambi, hujibu kwa hoja ya usalama, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini anayetoroka usiku haachi jina lake popote. Anayetoka kwa kibali cha kazi huacha jina lake na la mwajiri wake. Na kama vibali hivyo vitachelewa, basi Bunge lianze na kifungu kimoja tu: mkimbizi anayetoa taarifa ya kunyonywa asishtakiwe kwa kutoka kambini.