Simu Yetu, Soko Letu, Ujirani Wetu

Mazungumzo na jamaa za wakimbizi wa ndani, wenyeji wao na viongozi, Lusangi, Maniema ya kusini

 

Leo hatukuja na unga wala maturubai. Tumekuja kuzungumza juu ya simu: namna ya kutumia WhatsApp na Facebook kwa kutangaza biashara, na namna ya kuzitumia bila kuharibu ujirani. Labda mwingine atauliza: Je, biashara na amani vinahusiana nini? Tunajibu kwamba vinahusiana sana. Mtu anayekuuzia mchele kila juma hataamini upesi anapoambiwa kwamba wewe ni adui yake. Na mtu aliyekaa miezi mingi bila kazi, akingoja msaada tu, ni mwepesi kuitwa porini. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya soko, tunazungumza juu ya amani.

Mkimbizi amepoteza nini?

Tunapoandika orodha ya vitu vilivyopotea vitani, tunaandika nyumba, mbuzi, baiskeli, sufuria. Lakini mchuuzi anayekimbia anapoteza kitu kingine kisichoandikwa: anapoteza kujulikana. Kule alikotoka, watu walijua kwamba mafuta yake ya mawese hayana maji na kipimo chake ni cha haki. Hapa hakuna anayemjua. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo ni wa kweli kwa mtu anayekaa mahali pake. Kwa mkimbizi, kizuri hakijiuzi, kwa sababu hakuna anayejua kwamba kipo.

Tena tumejifunza hatari ya kumtegemea mnunuzi mmoja. Kule Salamabila, watu wengi walipanga biashara zao kando ya mgodi wa Namoya. Kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wake wa kibiashara pale mwaka 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama mbaya. Mnunuzi mkubwa akisimama, mwenye kuuza mchele anasimama, mwenye kuuza samaki anasimama. Mwenye wanunuzi wadogo hamsini katika Kasongo, Kindu na Kalemie hawezi kuwapoteza wote siku moja.

Hapo ndipo simu inaposaidia. Kibanda kinaweza kuchomwa, lakini nambari ya simu inakimbia pamoja na mwenyewe. Ukipoteza kadi ya simu njiani, nenda kwa wakala wa mtandao wako na kitambulisho ukaombe kurudishiwa nambari ile ile, usinunue mpya haraka. Nambari yako ndiyo jina lako la biashara.

Vyombo vilivyomo ndani ya simu

Kwanza, kuna programu ya WhatsApp Business. Ilitolewa mwaka 2018, na kuipakua ni bure, mnalipa mega tu. Imetengenezwa kwa ajili ya wachuuzi wadogo. Nambari moja haiwezi kutumika katika WhatsApp ya kawaida na katika hii kwa wakati mmoja, basi chagueni. Ndani yake mnaandika jina la biashara, mahali mlipo, saa za kazi na kazi mnayofanya. Andikeni kwa maneno mepesi: "Sabuni ya mawese, Lusangi, tunapeleka Kasongo siku ya soko." Mteja asiulize mara mbili.

Pili, kuna katalogi. Ni kama meza ya soko ndani ya simu: kila kitu na picha yake, bei yake na maelezo yake. Pigeni picha mchana, nje, juu ya kitambaa safi cha rangi moja. Wekeni kitu cha kuonyesha kipimo: bido la litre 20, kilo, gunia. Na bei andikeni wazi. Wengi wetu tunaficha bei ili tuangalie kwanza uso wa mteja. Sokoni njia hiyo inaweza kufaa, lakini katika simu mteja asiyeona bei anadhani mnataka kumdanganya, anapita.

Tatu, kuna stetasi, yaani picha au maneno yanayoonekana saa 24 kisha yanafutika. Inafaa kwa vitu vya leo: samaki waliofika asubuhi, mchele mpya uliokobolewa. Lakini kumbukeni, stetasi yako inaonekana na yule tu ambaye wewe umehifadhi nambari yake na yeye amehifadhi yako. Kwa hiyo kila mteja anaponunua, mwombe pale pale: "Mama, hifadhi nambari yangu, na mimi nihifadhi yako." Neno hilo moja lina faida kuliko picha kumi nzuri.

Nne, kuna orodha ya matangazo. Mnaandika ujumbe mmoja, unafika kwa watu hadi 256, kila mmoja akiupokea peke yake kama barua, wala haoni nambari za wengine. Ni tofauti na grupu, ambamo kila mtu anaona nambari ya kila mtu. Kwa wateja, na zaidi kwa wamama wasiotaka nambari zao zizunguke, orodha ni bora. Lakini msitume kila siku. Mara moja au mbili kwa juma inatosha, la sivyo watawafunga.

Tano, kuna ujumbe wa sauti. Wengi kati yetu hatukusoma sana, na hiyo si aibu. Sema bei kwa mdomo wako, kwa Kiswahili chetu au kwa Kibangubangu. Sauti inajenga imani, kwa sababu mteja anasikia mtu.

Sita, kuna lebo, yaani alama za rangi mnazobandika juu ya jina la mteja: "amelipa", "anadaiwa", "anangoja mzigo". Hata hivyo msiache daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunakumbuka kwamba katika nchi yetu intaneti ilikatwa tangu tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, kwa karibu majuma matatu, na SMS pia zilikatwa. Simu inaweza pia kuibwa au kukosa moto. Nambari za wateja na madeni yao viandikwe kwenye karatasi na karatasi ifungwe kwenye mfuko wa plastiki. Siku ya kukimbia, daftari hilo ni jepesi kuliko gunia.

Kwa Facebook tunasema machache. Inafaa kwa kutafuta watu msiowajua, hasa wale wa Kindu, wa Bukavu au wa ng'ambo wanaotaka kununulia jamaa zao hapa. Lakini inakula mega nyingi, na inaonekana na wote, wazuri na wabaya. Tunashauri mwanzo uwe WhatsApp, kati ya watu wanaojulikana. Tena zimeni kupakua picha na video kwa wenyewe katika mipangilio ya simu, mega zenu zitadumu.

Kuuza pamoja, mwenyeji na mkimbizi

Sasa tuseme jambo lililo karibu na moyo wetu. Mwenyeji ana shamba, ana ghala, anajua njia. Mkimbizi ana wateja na jamaa mahali alikotoka, na mara nyingi ana ufundi: anashona, anatengeneza sabuni, anakausha samaki. Kila mmoja peke yake ana nusu ya biashara.

Kwa hiyo tunapendekeza katalogi moja kwa watu watano au sita, nusu wenyeji na nusu wakimbizi. Simu moja inatosha, na kadi yake ya biashara isiwe ya mtu binafsi. Mapatano yaandikwe mbele ya kamati na mkuu wa kijiji: nani anashika simu, nani analipa mega na moto wa kuchaji, faida inagawanywa namna gani, na mtu akiondoka anapata nini. Neno hili la mwisho ni la maana. Mkimbizi ana haki ya kurudi kwao siku amani ikipatikana, na isionekane kama anakimbia na mali ya wenzake.

Mama asiye na simu asiachwe nje. Picha ya kikapu chake iingie katika katalogi kama ya wengine, na pesa yake ifike mkononi mwake, isipitie mikono minne.

Chombo kile kile kinaweza kuchoma soko

Wandugu, simu haichagui inachobeba. Mwaka 2007 jirani zetu wa Kenya walianza kutuma pesa kwa M-Pesa, na dunia nzima ikawasifu. Mwisho wa mwaka ule ule, baada ya uchaguzi, simu zile zile zilibeba SMS za chuki kati ya makabila, na watu zaidi ya 1,100 walikufa katika fujo zilizofuata. Simu ilikuwa moja. Kilichokuwa tofauti ni ujumbe.

Hapa kwetu ujumbe mmoja wa "wamefika kwenye kivuko" unatosha kulifunga soko. Wamama wanatupa vitu na kukimbia, na kesho tunaambiwa haikuwa kweli. Basi tujiulize maswali matatu kabla ya kusambaza: Je, aliyeandika aliona kwa macho yake? Je, mkuu wa kijiji au kamati wamethibitisha? Je, nikisambaza, nani ataumia? Ujumbe uliozunguka mikono mingi una mishale miwili juu yake, na tangu mwezi wa 4 mwaka 2020 WhatsApp inaruhusu kuusambaza kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa kila mara. Mishale hiyo ni kama kengele: inasema hakuna anayejua habari hii ilianzia wapi. Na ikiwa hatari ni ya kweli, msiitangaze ovyo, mpigieni simu mkuu na kamati.

Katika grupu la biashara, msimamizi aweke sheria tangu siku ya kwanza: hakuna siasa, hakuna matusi ya kabila, hakuna habari za vita. Programu inampa uwezo wa kufuta ujumbe wa yeyote mbele ya wote, na wa kulifunga grupu ili wasimamizi pekee waandike wakati wa joto. Autumie bila kupendelea ndugu yake. Nchi yetu ina pia Sheria ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inayoadhibu wanaoeneza uongo na maneno ya ukabila kwa njia ya mitandao.

Kuhusu usalama wenu, tunawasihi mambo manne. Msipige picha ya akiba yote, bali ya kipimo kimoja. Msionyeshe dhahabu wala pesa. Msitangaze siku na njia ya kusafirisha mzigo. Hiyo ni siri ya muuzaji na mnunuzi. Msitoe picha za watoto wala za kambi ili kuvuta huruma ya wateja. Uzeni mali, msiuze taabu.

Na kuhusu wezi wa simu: nambari sita zinazotumwa na WhatsApp ni ufunguo wa nyumba, usimpe mtu hata akisema yeye ni wa shirika la misaada. Wekeni na nambari ya siri ya pili katika mipangilio. Mteja akisema ametuma pesa, msitazame ujumbe aliowaonyesha. Angalieni salio lenu wenyewe, kisha toeni mzigo.

Neno kwa viongozi

Masultani na wakuu, hamlazimiki kujua kila kitufe. Tunawaomba mambo mawili. Mtusaidie kulinda haki katika bei na vipimo, ili mkimbizi asitozwe kodi ya soko mara mbili kwa sababu ni mgeni. Tena, uvumi ukitokea, jibuni upesi na kwa maneno ya kweli. Kijiji kinachopata habari kwa mkuu wake hakiitafuti kwa mtu asiyejulikana.

Wapendwa, Kiswahili tunachozungumza kilifika Kasongo na Kabambare karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara. Misafara hiyo ilileta vitambaa na lugha, ikaleta pia bunduki, ikachukua pembe za ndovu na watu. Babu zetu waliona kwamba biashara bila utu ni vita vya namna nyingine. Sisi tuna njia mpya mkononi, na hakuna anayetulazimisha kuitumia vibaya.

Basi tukitoka hapa kila mmoja afanye jambo dogo. Mwenye simu ahifadhi leo nambari za wateja watatu. Asiye na simu atafute mwenzake wa kuuza naye. Na kamati zituletee majina ya makundi yaliyo tayari kuandika mapatano; tutaketi nayo, moja moja, mpaka katalogi ya kwanza ifunguliwe.

 Amani iwe nasi sote.