Panya Wahesabiwe Kabla ya Kulaumiwa



Mkulima anayeombwa kuliacha korongo lake lipumzike, lisilimwe wala kulishwa, huuliza swali moja: panya watakaozaliana katika kichaka hicho watakula mahindi ya nani? Hilo si swali la mkaidi. Panya shamba hufukua mbegu siku chache baada ya kupandwa. Jike wake ana chuchu hadi 24, na mvua ikiwa njema huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja.

Babati inajua kulinda uoto. Misitu ya Duru-Haitemba ilikabidhiwa kwa vijiji vinavyoizunguka katikati ya miaka ya 1990. Kwa majirani wa Kondoa, mradi wa HADO ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka, majani yakarudi. Lakini miti ni rahisi kuihesabu, maana haikimbii. Mnyama wa gramu hamsini atokaye usiku anahitaji utaratibu wake.

Utaratibu wenyewe hautishi. Vitego vya bati vyenye umbo la kisanduku, visivyoua, hupangwa kwa mistari, kila kimoja mita kumi kutoka kwa mwenzake, na chambo ni siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi. Hufunguliwa alfajiri, kabla jua halijamchoma aliyenaswa. Kila mnyama hupimwa uzito, huwekwa alama, kisha huachiwa palepale. Tuseme siku ya kwanza wamenaswa 40, wakatiwa alama wote; mara ya pili wakanaswa 30, na kati yao 12 wana alama. Arobaini mara thelathini, gawanya kwa kumi na mbili: wapo kama 100. Hesabu hiyo ni ya makadirio, tena huharibika iwapo wengi wamehama au kufa kati ya siku hizo.

Jibu la mkulima, hata hivyo, halimo katika jumla hiyo. Limo katika alama. Vitego vikiwekwa kichakani na shambani pia, mnyama aliyetiwa alama kichakani akinaswa baadaye kwenye mahindi ni shahidi kwamba mpaka unavukwa. Asipoonekana hata mmoja, lawama inatafutiwa mahali pengine, pengine kwenye kingo za shamba lenyewe au ghalani.

Tena si kila kinachonaswa ni panya shamba. Kirukanjia hula wadudu. Kumhesabu pamoja na waharibifu ni kumwonea. Bundi naye huwinda panya usiku kucha, ingawa wapo wanaompiga mawe kwa kumwita mkosi, na sumu ya panya iliyomwagwa ovyo humfikia kupitia mawindo yake.

Zoezi la mara moja halitoshi, kwa kuwa idadi ya panya hufuata mvua. Lifanyike kabla ya kupanda na lirudiwe baada ya masika, mwaka hadi mwaka. Wanaoshika wanyama wavae glovu, kwani viroboto wa panya hubeba tauni, ugonjwa ulioitesa Lushoto tangu mwaka 1980. Na mwenye shamba awepo asubuhi vitego vinapofunguliwa, aone kwa macho yake kilichomo.