Kemia Iliyo Nyuma ya Bonasi

Msikilizaji, kila bonasi ya chai inapotangazwa, mkulima wa Bomet na Kericho huuliza kwa nini mwenzake wa mashariki mwa Bonde la Ufa amelipwa zaidi kwa kilo ile ile ya majani mabichi. Majibu tunayoyasikia ni ufisadi, madalali na usimamizi mbovu wa viwanda. Hayo yachunguzwe, na mwizi ashtakiwe. Lakini liko jambo lisilotajwa mikutanoni: sehemu kubwa ya ubora wa chai nyeusi huamuliwa kwa muda wa saa moja hadi mbili, baada ya jani kusagwa na kabla ya kukaushwa. Muda huo, uitwao wa kuchachusha, ni wa kemia ya vichocheo, nasi hatujaupa mwanakemia nafasi anayostahili.

Jani likiwa zima, kemikali ziitwazo katekini hukaa sehemu moja ya seli, na kimeng'enya, yaani kichocheo cha asili, kiitwacho polifenoli oksidesi, chenye chembe za shaba ndani yake, hukaa sehemu nyingine. Mashine ya kusagia majani, iitwayo CTC, huzirarua seli hizo, vitu hivyo viwili vikakutana, na oksijeni ya hewani ikaingia kazini. Kimeng'enya huharakisha badiliko bila chenyewe kuisha. Hapo huzaliwa theaflavini, zinazoipa chai mng'ao na ule ukali unaochangamsha ulimi, pamoja na thearubigini zenye rangi nzito. Theaflavini hupanda hadi kilele, kisha hupungua. Akichelewa msimamizi kuikausha, chai huwa chapwa mdomoni. Akiwahi mno, hubaki na ladha ya ubichi. Profesa Philip Owuor, mwanakemia aliyefanya utafiti wa chai Kericho kabla ya kufundisha Chuo Kikuu cha Maseno, alionyesha pamoja na wenzake kwamba kuchachusha kwa joto la chini huleta theaflavini nyingi kuliko joto la juu. Walionyesha pia kuwa naitrojeni ikizidi shambani, au siku za kuchuma zikiachana mno, ubora hushuka. Tena kemia haingoji kiwanda: majani yaliyoshindiliwa guniani kituoni, lori likichelewa, hupata joto na kuchubuka, na kimeng'enya huanza kazi pasipo mtu wa kukiongoza.

Wapo watakaosema tofauti ni ya udongo na hali ya hewa, hivyo maabara ya mwanakemia haitabadilisha kitu. Hoja hii ina ukweli wake. Miche ya aina moja ikipandwa mahali tofauti hutoa chai tofauti, na akina Owuor ndio waliolithibitisha hilo. Lakini funzo lake ni kwamba mbolea, siku za kuchuma na muda wa kuchachusha havifai kunakiliwa kutoka eneo moja hadi jingine. Lazima vipimwe papo hapo, kiwanda cha Litein kivyake na cha Kapkoros kivyake. Wengine watasema wanunuzi ndio wenye nguvu. Lakini mwaka 2021 kiliwekwa kima cha chini cha bei cha dola 2.43 kwa kilo katika mnada wa Mombasa, na baadaye shehena kubwa ikabaki maghalani, chai ya magharibi mwa Bonde la Ufa ikiumia zaidi. Agizo hilo liliweza kuzuia bei isishuke. Halikuweza kumfanya mnunuzi aitake chai hiyo. Na kwa wanaosema mwonjaji mzoefu anatosha, namheshimu mwonjaji, lakini ulimi wake huhukumu chai iliyokwisha kauka. Mwanakemia anaweza kupima katekini na theaflavini hatua kwa hatua, makosa yakaonekana yangali yanarekebishika.

Gharama ya maabara ipo, na mkulima ana haki ya kuiogopa, kwa kuwa kila kinachokatwa hukatwa kwake. Hata hivyo hatuanzi na mikono mitupu. Utafiti wa chai una makao Kericho tangu 1951, na Chuo Kikuu cha Kabianga kiko papo hapo. Viwanda kadhaa vinaweza kuchangia maabara moja na kuajiri vijana wa kemia waliosoma nyumbani. Kwa hiyo anayewania ukurugenzi wa kiwanda chako, msikilizaji, muulize chumba cha kuchachushia kilikuwa na nyuzi ngapi za joto wiki iliyopita, nani alipima theaflavini, na matokeo yake yaliwekwa wapi.