Jengo la Zamani Lipewe Kazi

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya karakana yetu ya zamani, ambayo baadhi yetu wanataka ibomolewe na wengine wanataka ibaki. Naomba kwanza niwapeleke mbali, katika mji wa Ponce, kisiwani Puerto Rico.

Mwaka 1882 mji huo ulijenga jengo la mbao kwa ajili ya maonyesho. Maonyesho yalipokwisha, wenyeji hawakulibomoa. Mwaka 1883 walilifanya kituo cha zimamoto, nalo likaitwa Parque de Bombas. Lina milia myekundu na myeusi, rangi za mji wenyewe.

Tarehe 25 Januari, 1899, moto ulitishia ghala la baruti la jeshi la Marekani. Wazimamoto saba na raia mmoja walivunja amri ya jeshi, wakauendea moto na kuuzima. Mji ukasalimika. Mnara wa kuwakumbuka umesimama katika uwanja huo huo wenye kituo.

Kituo kilifanya kazi hadi mwaka 1990, yaani miaka 107. Sasa ni makumbusho. Jengo la mbao limedumu hivyo kwa sababu halikukosa kazi.

Katika utumishi wangu serikalini nimeona majengo mengi ya umma yakifa. Hayakuuawa na mvua na mchwa peke yake. Yalianza kufa siku yalipofungwa kufuli, maana nyumba isiyo na watu haina wa kuona bati lililong'oka.

Wanaotaka kubomoa wana hoja: vijana wamebanana. Lakini hata wakipata madarasa mapya, jioni hawana mahali pa kusomea. Basi napendekeza tumwite fundi apime kuta na paa. Zikiwa nzima, karakana iwe chumba cha kusomea, na wanafunzi wapewe zamu ya kuitunza. Zikiwa za hatari, tubomoe, kwani uhai wa mtoto hauna badala. Ila tuipime na kuipiga picha kwanza.

Malipo ya fundi yatoke mifukoni mwetu sisi tuliofundishwa hapa. Wangu mchango nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina.