Juu ya Kuongeza Thamani ya Samaki Wetu: Maneno ya Karani Mbele ya Mkutano wa Mwaka



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya shauri ambalo ninyi wenyewe mtalikata leo: je, fedha za akiba zichimbe mabwawa mapya ya samaki, au zinunue vyombo vya kuwatunza samaki tulio nao?

Wazee wanaukumbuka mpango wa Serikali ulioanza mwaka 2009, ulioazimia kuchimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa likiwa la meta 300 za mraba. Wengi walijifunza ufugaji, na jambo hilo lilikuwa jema. Lakini baada ya miaka michache mabwawa mengi yalikauka au yakaota majani. Chakula cha samaki kilikuwa ghali, na mavuno yalipotoka, mara nyingi mnunuzi alikuwa mchuuzi wa njiani ajipangiaye bei. Samaki hamngojei mtu. Akiisha kufa huanza kuharibika saa ile ile, na mwenye samaki anayeoza hana nguvu ya kubishana.

Jambo hili si geni kwetu. Mkulima wa Kitale auzaye mahindi yake yote mwezi wa Desemba, kisha akanunua unga mwezi wa Juni, ajua vema ni nani aliyekula faida.

Na tuwatazame majirani. Sangara, ambaye wengi wetu humwita mbuta, alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Baadaye viwanda vikaanza kumkata minofu na kuipeleka Ulaya, na mifupa iliyobaki, ile iitwayo mgongo wazi, ikaja katika masoko yetu. Kati ya mwaka 1997 na 1999 nchi za Ulaya zilimkataa samaki huyo zaidi ya mara moja, kwa hofu ya vijidudu, ya kipindupindu, na ya sumu iliyotumiwa na wavuvi wabaya. Mwaminifu akaumia pamoja na mwovu. Njia ya kurudi ikawa usafi, barafu na ukaguzi.

Huko Unguja, ambako kilimo cha mwani kwa biashara kilianza mwaka 1989, wakulima, wengi wao wanawake, waliuza mwani mkavu kwa magunia uende ng'ambo. Baadaye baadhi yao walijifunza kuusaga na kuutengenezea sabuni, na vipande vichache vya sabuni vikaleta fedha kupita kilo nzima ya mwani. Bahari ni ile ile. Kilichoongezeka ni maarifa na kazi ya mikono.

Tena, samaki wa kufugwa kutoka China wameuzwa katika masoko ya Kenya. Wamevuka bahari wakiwa wamegandishwa, wakafika wazima. Wetu hulegea kabla ya kutoka Chwele hadi Kitale. Hawakutushinda kwa maji, bali kwa baridi na utaratibu.

Hatusemi kwamba samaki wetu watapanda ndege kesho. Twasema kwamba desturi itakiwayo na mnunuzi wa mbali ndiyo itakayompendeza mwenye hoteli wa hapa. Kwa hiyo Halmashauri yaomba mambo manne. Kwanza, tuvune kwa zamu, ili soko lisikose samaki wala lisifurike. Pili, samaki wapasuliwe, waoshwe kwa maji safi na kutiwa katika barafu siku ile ile. Tatu, kambare wakaushwe kwa moshi katika tanuri la chama, maana hao hukaa zaidi bila barafu. Nne, kila mfugaji aandike chakula alichonunua na kilo alizouza, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari.

Wanaotaka mabwawa mapya hatuwapingi, twawaomba wangoje. Bwawa la pili halitamponya mtu ambaye la kwanza lamtia hasara, litamzidishia.

Basi, wazee wetu, neno ni lenu. Vijana wengi waliochimba mabwawa hayo kwa jembe wameanza kukata tamaa, na wanatazama mikono yenu itakapoinuliwa.